Treni ndogo ya Ruzizi: anza na mzigo, behewa litafuata

SANGE, Uvira – Anayepita Sange leo kwa barabara ya taifa namba 5, akitoka Uvira kwenda Kamanyola, anaona malori, pikipiki, ng'ombe, magunia ya makaa na vikapu vya nyanya. Reli haoni. Hata hivyo bonde hili la Ruzizi lilikuwa na treni yake. Wakati wa Wabelgiji, kampuni ya CEFAKI, yaani Reli ya Kivu, ilijenga njia iliyoanzia Kalundu, bandari ya Uvira, ikapita bondeni hadi Kamanyola, mwendo wa kilomita zipatazo 90. Nia ilikuwa kuunganisha ziwa Tanganyika na ziwa Kivu. Mlima ukakataa. Treni ilifika mguuni mwa mlima, mizigo ikashushwa, ikapakiwa tena ndani ya malori yaliyopanda Ngomo kuelekea Bukavu, mji ulioitwa Costermansville siku hizo. Kabla ya uhuru wa 1960, treni hiyo ilikuwa imekwisha kufungwa.

Aliyekuwa mtoto wa miaka kumi wakati zile treni za mwisho zinapita, sasa amevuka miaka 70. Wazee hao wanapungua kila mwaka. Bondeni, alama za reli ni chache na hazisemi mengi kwa kijana asiyeambiwa.

Watoto wa huku wanajua sana kutengeneza magari. Kwa waya, makopo ya sardini, vipande vya kandambili na vizibo vya chupa, mtoto wa miaka tisa anakutolea Fuso ambayo mlango wake unafunguka. Na ni wakali juu ya ukweli wa kitu. Mwekee Fuso magurudumu ya Noah, uone watakavyokucheka. Gari wanaliona kila siku, kwa hiyo kosa halijifichi.

Kwa treni ya Ruzizi hakuna wa kucheka, kwa sababu walioiona ni wachache. Hapo ndipo penye hatari. Fundi mdogo akitengeneza treni ya bonde kwa kuiga picha ya treni ya Ulaya au ya Marekani aliyoiona ndani ya simu, darasa zima litaamini kwamba ndivyo ilivyokuwa. Baada ya miaka kumi kopo hilo litakuwa ndilo historia. Kwa hiyo kazi ya kuchagua mabehewa, au wagoni kama wengi wanavyosema, si mchezo mtupu, hata kama kinachotengenezwa ni mchezo.

Wengi wanamaliza nguvu zao kwenye injini. Ni kweli, injini ina bomba la moshi, ina kelele, ina uzuri. Lakini injini inaeleza tu kwamba kulikuwa na treni. Mabehewa yanaeleza bonde lililima nini, nani alibeba nini mgongoni, na mali ilielekea wapi.

Mzigo kwanza

Kwa maoni yangu, fundi asichague behewa kwa kuwa linapendeza. Achague mwaka, kisha achague mzigo, na behewa litajichagua lenyewe.

Tuseme unataka treni ya miaka ya 1940. Jiulize kilichopanda na kilichoshuka. Vya kupanda vilikuja Kalundu kwa meli. Upande wa mashariki kulikuwa na Kigoma, ambako reli kutoka Dar es Salaam ilifika mwaka 1914, na baada ya vita kuu ya kwanza Wabelgiji walipewa sehemu zao ndani ya bandari za Kigoma na Dar es Salaam kwa ajili ya mizigo ya Congo na ya Ruanda-Urundi. Upande wa kusini kulikuwa na Kalemie, Albertville ya zamani, mwisho wa reli itokayo Kabalo. Kwa njia hizo mbili vilifika vitu ambavyo bonde na milima havikuvitengeneza: nguo, chumvi, saruji, mabati, vyuma, mashine, mafuta ya taa na ya magari. Vya kushuka vilikuwa vya shamba na vya mgodi. Bonde la Ruzizi lililima pamba. Milima ya Kivu ilitoa kahawa na maganda ya mti wa kwinini. Migodi ilitoa kasiterite, jiwe la bati.

Sasa angalia jinsi mzigo unavyoamuru behewa. Saruji na chumvi haziwezi kunyeshewa, hivyo zinataka behewa lililofungwa, lenye paa na mlango wa kusukuma ubavuni. Mabati na vyuma virefu haviingii mlangoni, vinataka behewa bapa lisilo na kuta, au lenye vijiti vya chuma pembeni vya kuzuia mzigo usianguke. Mawe, kuni na mchanga vinataka behewa la wazi lenye kuta fupi zinazofunguka, ili watu washushe kwa koleo bila kuinua mikono juu ya kichwa.

Pamba inastahili maelezo zaidi, kwa kuwa ndiyo iliyolimwa hapa hapa. Marobota ya pamba ni mepesi kwa ukubwa wake. Yanajaza behewa hadi darini kabla ya uzito kufika. Na pamba ni rafiki wa moto. Injini ya moshi inatupa cheche njia nzima, hasa inapochoma kuni, kwa hiyo pamba ndani ya behewa la wazi bila turubai ni jambo ambalo mkuu wa stesheni hangeliruhusu. Ukiona treni ndogo ya Ruzizi yenye pamba nyeupe imewekwa wazi juu kama povu la sabuni, inapendeza macho, lakini ni uongo. Pamba ya kweli imefungwa ndani ya marobota, na marobota yako ndani ya behewa lililofungwa au chini ya turubai iliyokazwa kwa kamba. Ninajua mtoto atasikitika, maana ile nyeupe ndiyo aliyotaka ionekane. Aache mlango wa behewa wazi kidogo, robota moja lichungulie. Inatosha.

Kasiterite ni kinyume chake. Gunia la kilo 50 la mchele linajaza bidoni karibu tatu za lita 20. Kilo 50 za kasiterite zinaingia ndani ya bidoni moja na nafasi inabaki. Chukua behewa linaloruhusiwa kubeba tani 15. Ukilipakia kasiterite, mzigo haufiki hata magotini pa mtu: unafunika sakafu tu, na juu yake panabaki hewa. Kwa hiyo ukitengeneza behewa la madini lililojaa hadi ukingoni, umetengeneza behewa ambalo lingevunja ekseli zake kabla ya kufika Luberizi. Vigunia vidogo, safu moja au mbili, vimetandazwa sawasawa: hivyo ndivyo mzigo mzito unavyokaa.

Na usisahau mabehewa matupu. Mizigo ya kupanda na ya kushuka haikulingana kila siku, na treni yoyote ya mizigo huwa na mabehewa yanayorudi bila kitu. Treni ndogo ambayo kila behewa limejaa inaonekana kama duka.

Kizibo ndicho rula

Baada ya mzigo, vipimo. Hapa mafundi wengi wanaanzia pabaya. Wanachukua kopo la sardini, wanasema hili ni behewa, kisha wanatafuta magurudumu ya kulibeba. Matokeo ni behewa fupi, nene, lenye magurudumu makubwa kama ya trekta.

Afadhali kuanza na gurudumu, kwa sababu gurudumu ndilo gumu kulitengeneza na kizibo cha chupa kinapatikana bure kwenye kila buvete. Kizibo cha chupa ya bia au ya soda kina upana wa karibu milimita 30. Gurudumu la behewa la mizigo la kweli mara nyingi lina karibu milimita 900. Gawanya: 900 kwa 30 ni 30. Basi treni yako ni ya kipimo cha moja kwa 30. Kila sentimita yako moja ni sentimita 30 za kweli. Kuanzia hapo kila kitu kinapata urefu wake, na simu yenye kikokotoo inatosha.

Behewa la kweli lenye upana wa mita 2 na nusu linakuwa na sentimita 8 na kidogo. Behewa fupi la ekseli mbili, lenye mita 7, linakuwa sentimita 23. Behewa refu la mita 12, ambalo halikai juu ya ekseli mbili bali juu ya boji, yaani vigari viwili vya chini vyenye magurudumu manne kila kimoja, linakuwa sentimita 40. Mtu wa mita 1 na sentimita 70 anakuwa karibu sentimita 6, na mtu huyo afinyangwe kwa udongo mapema, kabla ya behewa la kwanza. Ukimsimamisha kando ya mlango wa behewa utajua mara moja kama mlango umekosewa. Mlango ambao mtu mwenye gunia begani hawezi kupita ni mlango wa kabati.

Kopo la sardini je? Lina urefu wa sentimita 10 na nusu hivi, na upana wa 6. Kwa kipimo cha moja kwa 30 ni kitu cha mita 3 kwa mita 1 na sentimita 80. Hilo si behewa la treni kubwa. Linafaa kuwa toroli la kusukumwa na wafanyakazi wa njia, lile la kubebea mawe na nyundo. Hivyo kopo halitupwi, linapewa kazi yake. Ukuta wa behewa la kweli utoke kwenye bati la kopo kubwa la mafuta ya kupikia, lililofunguliwa na kunyooshwa, au kwenye mbao nyembamba za sanduku la matunda.

Upana wa njia nao unataka uangalifu. Reli za kuzunguka ziwa letu hazikuwa na upana mmoja. Ile ya Kigoma ina mita 1 kati ya reli na reli. Ya Kalemie ilikuwa pia ya mita 1, kisha katikati ya miaka ya 1950 ikapanuliwa kuwa milimita 1,067 ili iungane na reli za Katanga. Kwa kipimo chetu, ya kwanza ni milimita 33 na ya pili ni karibu 36. Tofauti ya milimita 3 haionekani kwa jicho, ila behewa litaiona: litaanguka. Chagua moja, kata kijiti cha kupimia, ukitumie njia nzima.

Jambo ambalo halikubali mjadala ni kwamba reli hizi zote ni nyembamba kuliko zile za Ulaya, ambazo zina milimita 1,435. Picha nyingi za treni zinazotembea kwenye simu ni za huko. Behewa la njia nyembamba linajulikana: mwili umetokeza nje ya magurudumu pande zote mbili, kama mtu mnene aliyeketi juu ya kigoda. Ukiweka mwili na magurudumu sawasawa, umeshatoka Ruzizi, uko Ubelgiji.

Ukipata picha ya zamani na huna kipimo chochote, tafuta mtu aliyesimama karibu na behewa. Pima kimo chake kwa rula juu ya picha, kisha pima gurudumu na mlango, linganisha. Kwa njia hiyo mtu mmoja aliyepigwa picha miaka 80 iliyopita anakuwa rula yako. Ila awe amesimama kando ya behewa kabisa. Aliye mbele karibu na kamera ataonekana jitu. Makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, yanatunza picha nyingi za Congo ya wakati wa ukoloni, na aliye na ndugu huko anaweza kumtuma atafute kwa majina ya Uvira, Kalundu na Kamaniola, kama lilivyoandikwa zamani.

Kwa wanaopenda ukubwa wa mambo: njia yote ya kilomita 90, kwa kipimo cha moja kwa 30, ingekuwa na urefu wa kilomita 3. Anayetaka kuitandaza nzima aombe ruhusa ya chifu kwanza.

Herufi ubavuni

Kosa linalonichekesha kuliko yote ni la herufi. Fundi anachora behewa la 1940 na kuandika SNCC ubavuni, kwa sababu ndizo herufi anazozijua. SNCC ni shirika la reli la taifa la leo, lile linaloendesha treni za Kalemie. Wakati wa Zaire, kuanzia 1974, liliitwa SNCZ. Kabla ya hapo, upande wa Kalemie na Kindu ulikuwa wa kampuni ya CFL, iliyoundwa mwaka 1902. Herufi hizo tatu au nne zinataja mwaka bila kutaja tarehe.

Kigoma ni mtego zaidi. Mabehewa ya ng'ambo yaliandikwa EAR wakati Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na reli ya pamoja. Umoja ulipovunjika 1977 yakawa TRC. Mwaka 2007 ikaja TRL, na miaka kumi baadaye TRC ikarudi. Kwa hiyo behewa lenye TRC linaweza kuwa la mzee au la kijana, na utalijua kwa mzigo wake. Likibeba kontena, ni la karibu. Kontena za chuma unazoziona leo juu ya malori, zile za futi 20 na 40, zilienea duniani baada ya treni ya Ruzizi kwisha kufungwa. Kontena moja tu juu ya treni yako ya 1940 linaharibu kazi ya mwezi mzima.

Rangi isikusumbue sana. Behewa la mizigo linapata rangi ya kutu, vumbi na masizi haraka kuliko linavyopakwa. Vumbi la bonde unalo mlangoni, changanya na gundi kidogo.

Behewa la tangi

Kuna behewa moja ambalo Sange haiwezi kulitengeneza kama miji mingine.

Jioni ya tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka hapa Sange. Mafuta yakamwagika. Baadhi ya watu walisogea kuchota, wengine walikuwa ndani ya vibanda wakitazama mpira wa Kombe la Dunia lililokuwa likichezwa Afrika Kusini. Moto ukawaka. Watu zaidi ya 230 walikufa, wakiwemo watoto wengi, na wengi wakazikwa katika makaburi ya pamoja. Hakuna familia ya hapa ambayo haijui jina la mmoja wao.

Kwa hiyo mtoto wa Sange akileta kopo la mviringo na kusema hili ni tangi la mafuta, si kila mtu mzima atafurahi. Kuna watakaomwambia aliache. Ninawaelewa. Ila mimi naona behewa la tangi likiachwa nje ya treni ndogo, mtoto atajifunza juu yake barabarani peke yake, na barabarani malori ya mafuta yanapita kila siku. Afadhali alitengeneze, mradi alitengeneze kwa usahihi, kwa kuwa katika tangi kila kifaa kipo kwa sababu ya usalama wa watu.

Makopo yanapatikana. Kopo la chakula la gramu 400 lina kipenyo cha milimita 73 hivi. Kwa kipimo chetu ni tangi la mita 2 na sentimita 20, ukubwa unaokubalika. Unganisha matatu kichwa kwa mkia, upate sentimita 33, uyalaze juu ya chasi ya sentimita 40. Juu katikati weka kifuniko cha mviringo kama kofia, mahali mafuta yanapoingilia na ambapo mvuke wa mafuta unapata nafasi ya kupanuka jua linapowaka. Chini weka bomba la kutolea, na valvu yake. Valvu ndiyo itakayomfanya mtoto aulize: ikivunjika, je? Ni swali zuri. Mtu mzima aliye karibu amjibu kwa ukweli: mafuta ya petroli yanatoa mvuke usioonekana, mvuke huo ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na kufika mbali kuliko dimbwi lenyewe, na sigara, jiko la makaa au cheche ya injini inatosha. Kinachoonekana kama bahati ya kujaza bidoni bure ni hewa iliyokwisha kugeuka moto unaosubiri kiberiti. Asiyetaka kusimulia 2010 anaweza kuonyesha kwa kidole tu umbali ambao watu wanapaswa kurudi nyuma: kwa kipimo cha moja kwa 30, mita 100 ni zaidi ya mita 3. Mtoto avipeleke vile vijitu vyake vya udongo umbali huo.

Kama treni ni ya leo, tangi liwe na kibao cha rangi ya chungwa chenye namba mbili, kama wanavyofanya katika nchi nyingi. Namba ya juu 33 maana yake ni kimiminika kinachoshika moto kwa urahisi sana. Ya chini 1203 maana yake ni petroli. Mazutu ni 30 juu na 1202 chini. Namba hizo zinafaa kujulikana na kila anayeishi kando ya barabara hii, hata asiyejali treni. Lakini treni ya 1940 isiwe na kibao hicho: kilikuja baadaye. Na wakati ule sehemu kubwa ya mafuta ilisafiri ndani ya mapipa na madebe, ndani ya mabehewa ya kawaida. Kwa hiyo treni ya zamani ya Ruzizi yenye mstari mrefu wa matangi yanayong'aa inatia shaka. Behewa moja la wazi lenye mapipa yaliyosimamishwa na kufungwa kamba lina ukweli zaidi. Pipa la lita 200 lina kimo cha karibu sentimita 88, kwako ni sentimita 3: kipande cha mti wa muhogo kilichokatwa na kukaushwa kinatosha.

Mpangilio wa treni nao una sheria. Katika reli nyingi za injini za moshi, behewa la mafuta halikufungwa moja kwa moja nyuma ya injini. Kati yao liliwekwa behewa moja au zaidi la mzigo usio na hatari, mawe au chumvi kwa mfano, ili cheche zianguke juu ya kitu kisichowaka. Behewa la mchanga mbele ya mapipa linaonyesha kwamba fundi anajua anachokifanya.

Wanaotaka treni nyingine

Si lazima kila mtu ashikamane na CEFAKI. Aliye na ndugu Kalemie anaweza kuomba apigiwe picha za mabehewa ya SNCC yanayosimama huko, kutoka ubavuni na kutoka mbele, mtu akiwa kando. Anayevuka kwenda Kigoma vivyo hivyo. Kigoma ina hadithi yake ya mizigo: meli Liemba, iliyojengwa Ujerumani na kuletwa ziwani vipande vipande, ilipita katika reli ile kabla ya kuunganishwa na kuteremshwa majini mwaka 1915. Mabehewa bapa yenye vipande vya meli ni treni ambayo mtoto yeyote wa pwani ya Uvira angeielewa.

Vijana wanaofuata habari watapenda ile mpya ya Tanzania, ambayo tangu 2024 inabeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Mpango wake wa kuunganisha Uvinza na Musongati ya Burundi, na siku moja kuvuka hadi upande wetu, unazungumzwa sana. Hiyo ni njia ya milimita 1,435, kwako sentimita 4 na milimita 8, na hapo kontena zinaruhusiwa: la futi 20 litakuwa na urefu wa sentimita 20 na upana wa 8. Ni kazi rahisi kwa kuwa kila kitu kina umbo la sanduku. Kwangu haina utamu wa ile ya bonde.

Kwa ile ya bonde, chanzo bora kuliko picha bado kiko hai kwa sasa, na kinaketi kivulini Uvira, Kiliba, Luvungi na Kamanyola. Ila namna ya kuuliza ina maana. Ukimwambia mzee, "Papa, treni ilikuwaje?" atakujibu kwamba ilikuwa kubwa na ilipiga kelele, nawe utarudi nyumbani na kelele. Muulize mlango wa behewa ulifungukia upande gani, au kama alilazimika kuinama kuingia. Muulize gunia alilibeba begani au kichwani, watu wangapi walishusha behewa moja, mvua ilipokuja walifunika kwa nini, ng'ombe walisafiri wamesimama namna gani. Muulize mama yake aliuza nini treni iliposimama. Mikono inakumbuka kazi vizuri kuliko macho yanavyokumbuka sura, na mzee akionyesha kwa mkono kimo cha sakafu ya behewa pale kifuani pake, mpime hapo hapo, kwa ruhusa yake.

Wazee wawili wakipingana, usichague anayezungumza kwa nguvu. Tengeneza behewa moja la kila mmoja. Kisha chini ya kila behewa, upande usioonekana, andika kwa msumari ulioshikwa motoni: mwaka unaodhaniwa, aliyeeleza, na siku aliyoeleza.